Aliyebeba Ndiye Anayeonja

Siku Malachie alipokwenda kuposa, alikuwa ametimiza miaka minne na miezi mitatu bila kuonja pombe wala kunusa kole, ile gundi ya viatu. Usimcheke kwa kuhesabu hadi miezi. Mtu ambaye hajalala juu ya makartoni nyuma ya soko la Beu, kule Beni, na chupa ya gundi hiyo puani mpaka tumbo lisahau njaa, huyo hajui mwezi mmoja una siku ngapi. Malachie anajua. Alianza akiwa na miaka kumi, mwaka ule yeye na mama yake walipokimbia kijiji na mama akafariki kabla mvua hazijaisha. Watu walimwita yeye na wenzake maibobo, watoto wa barabarani, na kila walipowaita hivyo walishika mifuko yao kwanza.

Aliacha mara mbili. Mara ya kwanza aliacha miezi minane, akanenepa, akaingia hata kwaya. Noeli ikafika, na jamaa mmoja mwema, tena mwema kweli, akamwambia, "Glasi moja tu, bana, Yesu amezaliwa!" Akanywa glasi moja. Walipomwona tena kanisani ilikuwa imepita Noeli ya pili, na hakuwa na viatu. Tangu hapo alijua jambo moja juu yake mwenyewe, na alilijua kuliko sala ya Baba Yetu: kwake yeye hakuna glasi moja. Kuna hakuna, au kuna zote.

Leo ni fundi viatu mjini Butembo, na fundi hasa. Alifundishwa na mzee Ananie, mwenye kibanda karibu na soko, mtu mfupi, mwenye goti moja bovu na maneno ya kuhesabu. Ananie alipompokea hakumhubiria. Miaka miwili ya kwanza alimpa sindano na uzi, basi. Kila kiatu cha kubandika alikibandika mwenyewe, na jioni mkebe wa kole aliutia ndani ya koti lake akaenda nao nyumbani. Kisha siku moja akauacha juu ya meza, akaondoka zake bila kugeuka. Malachie alikaa akiutazama ule mkebe mpaka alipoitwa kula. Asubuhi mzee hakuuliza neno, wala hakufungua kuangalia umepungua kiasi gani. Siku hizi Malachie anabandika soli mwenyewe, ila huketi nje, upepo ukitoka mgongoni mwake, na akimaliza anafunika.

Chumba alipewa na mama Godelive, na hapo ndipo watu wanapocheka, maana huyu mama mjane anaishi kwa kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi yake inasifiwa hadi Luofu. Mungu naye ana utani wake. Mwanzoni mama Godelive alifunga stoo kwa kufuli mbili. Sasa anafunga moja, na hiyo ni kwa ajili ya majirani.

Na huyo binti wa kuposwa, Jemima? Jemima alileta kiatu kimoja kilichong'oka kisigino. Wiki iliyofuata akaleta cha pili. Cha tatu, Malachie akakigeuza, akakitazama, akasema, "Mademoiselle, hii kiatu haikuchanika. Ilikatwa na wembe."

"Weye unaulizaka mingi," Jemima akamjibu. "Shona."

Jumapili ya tatu, baada ya Misa, Malachie alimweleza yote, tangu makartoni ya Beu hadi ile glasi ya Noeli. Alimweleza akiangalia chini, akingoja kusikia viatu alivyovishona mwenyewe vikiondoka. Jemima alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula. Kuanzia hapo mambo yalikuwa yamekwisha, ilibaki kuwaambia wazee.

Lakini wazee, ee! Jemima alilelewa na baba yake mkubwa, Syauswa, huko Kalunguta, mkulima wa kahawa na maharagi, mtu wa haki lakini mgumu. Syauswa alijua kwamba anayekuja ni fundi viatu, yatima, Mkatoliki. Ya barabarani hakuyajua. Jemima alitaka aambiwe mapema. Mama Godelive akasema hapana, kwanza wamwone kijana, wamzoee, habari mbaya haikosi siku ya kusemwa. Malachie akafuata neno la mama Godelive, kwa sababu lilikuwa rahisi kufuata.

Tena kulikuwa na jambo la kibuyu. Mkono mtupu haulambwi, na kwa Wanande hakuna anayekwenda kuomba binti bila kasiksi. Fanta ipo, bia ya chupa ipo, ziende, hakuna anayekataa, lakini kibuyu cha kasiksi lazima kitangulie, kimefungwa mdomo kwa jani la mgomba. Na katika ukoo wa Syauswa kulikuwa na sheria yao zaidi ya hiyo. Zamani za babu zao, katika sherehe moja, watu saba walikunywa wakalala wasiamke. Tangu hapo, aliyekibeba kibuyu kuingia ndani ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya macho ya wote. Yeye ndiye aliyekuwa nacho njiani. Akishindwa, mwenye neno, yaani mposaji mwenyewe, anaonja badala yake. Mtu mwingine haruhusiwi, hata awe askofu.

Jemima alimweleza Malachie sheria hiyo mwezi mzima kabla, na wakapanga vizuri. Ananie atabeba. Ananie ataonja. Ananie hunywa kikombe kimoja Jumapili na hajawahi kuomba cha pili. Kazi imekwisha.

Kilichobaki ni Lusenge.

Lusenge ndiye aliyelala upande wa pili wa kartoni kule Beu. Miaka minane waligawana mkate, blanketi, vipigo na ile chupa. Malachie alipoondoka, Lusenge alibaki, na kila alipopata nafasi Malachie alipanda kwenda Beni kumtafuta. Mara nyingine alimpata, mara nyingine alipata tu watu waliomwona jana. Safari hii alimpata, na Lusenge akakubali kuja. Sasa alikuwa na siku kumi na saba katika nyumba ya wavulana ya parokia, Butembo. Mikono bado ilimtetemeka asubuhi, na alikula chakula cha watu watatu.

"Umwache," mama Godelive akasema. "Siku kumi na saba, na weye unamupeleka fasi ya kasiksi? Njo kupeleka mbuzi mu shamba ya maharagi."

"Mama, mi sina ndugu mwengine."

Mama Godelive akaenda kumtafutia Lusenge koti. Lilikuwa la marehemu mume wake, na mikono yake ilipita vidole. Lusenge alijitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasema anafanana na député wa bungeni, wakacheka wote.

Waliondoka Butembo Jumamosi asubuhi kwa pikipiki tatu. Hewa ilikuwa safi, vilima vimeoshwa na mvua ya usiku, na Malachie alivaa viatu alivyovitengeneza mwenyewe, vyeusi, vya kung'aa hadi aibu. Ananie alikikumbatia kibuyu kama mjukuu. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliyetoka mbali, wa Lingala tupu, akawasimamisha. Alitaka kujua ndani ya kibuyu kuna nini, na kazi yake ni kujua. Akafungua jani, akanusa, uso ukamfunguka.

"Ah! Libala?"

"Libala, ndoa," Ananie akakubali.

"Félicitations, leki!" Askari akampongeza Malachie kama mdogo wake, akapiga saluti, akarudisha jani, akawafungulia njia. Ananie akalifunga tena kwa uzi wa viatu, mafundo mawili safi, wakaendelea wakicheka.

Pikipiki ziliwaacha chini ya kilima cha Syauswa, maana njia ilikuwa tope tupu. Walipanda kwa miguu. Katikati ya mlima goti la Ananie likaanza kukataa. Mzee alipumua kwa mdomo na kusimama kila baada ya hatua kumi. Lusenge akamwona. Bila kuambiwa na mtu, akarudi nyuma, akasema, "Lete, papa," akakipokea kibuyu na kukiweka begani. Sasa niambie, ni mtoto gani wa huku, aliyezaliwa na mwanamke, atamwacha mzee mwenye goti bovu aingie ugenini na mzigo, yeye akitembea mikono mitupu? Hata huyu aliyelelewa na barabara alijua. Malachie aligeuka akaona, na moyo wake ukafurahi. Aliwaza, angalau wataona kijana ana adabu. Wala mama Godelive hakushtuka. Watu wanne wazima, wote wanaijua sheria, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka! Waliingia uani kwa vigelegele vya wanawake, na Lusenge mbele yao, kibuyu begani, akitabasamu ndani ya koti la marehemu.

Sebule ilikuwa imejaa. Wakwe upande huu, wageni upande ule, mukaka Kahongya kwenye kona karibu na jiko la makaa. Huyo mukaka, yaani bibi, ndiye mama mzazi wa Syauswa, kazeeka hadi kawa mdogo, kajifunika kitenge kichwani, na kila mtu alidhani amelala. Jemima hakuwepo, kama desturi inavyotaka. Alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, na Malachie aliona vidole vya miguu yake chini ya pazia akajisikia vizuri.

Ananie alisema. Yule mtu wa maneno ya kuhesabu, siku hiyo alisema mpaka wakwe wakatikisa vichwa. Alieleza habari za ua aliloliona limechanua katika boma hili, na mchungaji aliyepita njiani akasimama. Wakapiga makofi. Ndipo Syauswa akavuta kibuyu karibu, akalitazama jani, akayagusa yale mafundo mawili kwa kidole.

"Bakwe, karibuni. Maneno iko mazuri, tumeisikia. Lakini hii jani, balishaifungua mu njia."

"Ni askari, ku barrière," Ananie akaeleza.

"Siko nashitaki mutu, mzee. Iko desturi tu. Yenye alibeba aonje, tuendelee."

Ananie akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Syauswa akakiondoa taratibu.

"Weye uliingia mikono mitupu. Nilikuona na hii macho yangu. Ni huyu kijana njo alibeba."

Macho yote yakamgeukia Lusenge. Ndipo Malachie akakumbuka mbebaji ni nani. Mama Godelive akasema haraka, "Mi njo nilitengeneza, nitaonja mimi," na Syauswa akamjibu kwa heshima kabisa kwamba mtengenezaji hakuwa na kibuyu begani. Akajaza kikombe. Kasiksi ikatoa povu, na harufu yake ya ndizi zilizoiva ikajaa chumba.

Lusenge alikipokea. Alimtazama Malachie, na macho yake yalisema waziwazi: usiogope, ndugu, nitakufanyia hii.

Nitasema ukweli, maana hata Malachie hakujificha baadaye. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Funda moja la Lusenge, si lake. Lusenge angekunywa, watu wangepiga makofi, mbuzi wangehesabiwa, na Jemima angetoka nyuma ya pazia akiwa mchumba wa mtu. Nani angejua? Lakini akaiona pua ya Lusenge. Ilikuwa imefunguka, inavuta ile harufu peke yake, kabla ya mdomo, na mkono uliokuwa ukitetemeka tangu asubuhi ulikuwa umetulia tuli. Malachie aliujua utulivu ule. Ni yeye mwenyewe, usiku wa Noeli.

Akasimama, akavuka sebule, akakitoa kikombe mkononi mwa Lusenge.

"Vizuri," akasema Syauswa. "Mwenye neno aonje mwenyewe. Iko halali pia."

Sasa kikombe kilikuwa mkononi mwa Malachie. Ilikuwa kasiksi nzuri, ya mama Godelive, laini, na mate yakamjaa mdomoni bila ruhusa. Tone la kulowesha midomo tu. Watu kumi na watano wanamtazama, na vidole vya miguu nyuma ya pazia havikusogea. Akakiweka kikombe chini, juu ya meza, kwa mikono miwili.

"Baba Syauswa, unisamehe. Mi hapana kunywa. Na huyu ndugu yangu, naye hapana kunywa. Kasiksi haina kitu. Shida haiko mu kibuyu, shida iko mu siye babili." Akainua macho. "Nilikuwa maibobo ku Beni, miaka munane. Kole, pombe kali, vidonge, vyote nilipitia. Nilitakiwa kukuambia mbele, na nikaogopa. Nilishaacha, miaka ine na miezi tatu. Huyu alishaacha, siku kumi na saba. Nikionja hii, hata kidogo, Jemima ataolewa na mutu mwengine, mwenye nyinyi hamujamuona. Miye nilimuona. Simutaki mu nyumba yake."

Jikoni sahani ikaanguka.

Ilikuwa kelele basi! Shemeji mmoja alisema hajawahi kusikia mposaji anayekataa pombe yake mwenyewe. Mwingine akasema labda ndani kweli kuna kitu. Shangazi mmoja alirudia neno "maibobo, maibobo," akishika mkoba wake. Lusenge alikuwa amekaa kichwa chini, na mikono ameificha ndani ya lile koti. Syauswa hakupiga kelele. Alikuwa ameumia.

"Kijana," akasema, "hiyo mambo ya Beni, tungeweza kuizungumuza. Mutu anaanguka, mutu anasimama. Lakini umeleta mu nyumba ya mama yangu kitu yenye wewe mwenyewe unaogopa kuonja. Kibuyu haijaonjwa, haijapokelewa. Ubebe kibuyu yako, mwende na amani."

Malachie akainama kukichukua. Alikuwa akifikiria jambo moja tu, kwamba ashuke mlima bila kulia mbele ya Lusenge, maana Lusenge angejilaumu. Mama Godelive alikuwa tayari analia kwa wote.

"Iko wapi, ile kintu?"

Ilikuwa sauti ya kona. Mukaka Kahongya alikuwa amefungua macho yote mawili.

"Mama, lala," akasema Syauswa. "Bageni banaenda."

"Nani alilala? Niletee kikombe."

"Mama, hapana! Haijaonjwa!"

"Njo naionja."

"Kama iko na sumu?"

"Syauswa, mutoto wangu, niko na miaka makumi munane na kitu. Nani atapoteza sumu ya bei juu yangu?"

Watu wakacheka bila kutaka, na kabla kicheko hakijaisha bibi alikuwa amenyoosha mkono hadi mezani na kukitwaa kikombe mwenyewe. Akanywa. Si funda la kuonja, la. Alikunywa kama mtu aliyetoka shambani, akafuta mdomo kwa kitenge, akafumba macho. Mtu angeweza kusikia makaa.

"Mama?" Syauswa akaita.

"Nyamaza. Niko nasikiliza tumbo."

Wakangoja. Akanywa tena. "Ya kwanza ilipita mbio," akaeleza. Akanywa mara ya tatu, na kitako cha kikombe kikaonekana. Ndipo akauliza ni nani aliyeitengeneza, na mama Godelive akainua mkono akiwa bado na machozi shavuni.

"Ndizi ulizifukia mu shimo siku ngapi?"

"Siku tano, mama."

"Vile nilisema. Batu ba siku hizi banafanya siku tatu, banatupa tumbo ya kuuma. Wasingya, mwanangu, wasingya kutsibu." Akiisha kumshukuru hivyo kwa Kinande, akamgeukia mwanawe, na sasa hakukuwa na utani usoni mwake. "Syauswa, mutu ya kutuua angekunywa mbio, nyuma yake akatapike ku mugomba. Huyu alishikwa mbele ya batu yote, na njia ya kujiokoa ilikuwa mu mukono ya mwenzake. Akaikamata, akaiweka chini. Alikubali kukosa muke juu ya huyu mutoto mwenye koti kubwa. Weye ulishaona wangapi ba namna hii? Miye nilizaa kumi, nikaona wawili."

Syauswa akafungua mdomo.

"Na kibuyu," bibi akaendelea, "nimeionja. Mukubwa wa nyumba akiisha kuonja, inarudi?"

Wazee wakatazamana. Ilibidi wakubali kwamba hairudi. Sheria inayojulikana kuliko hata ile ya mbebaji ni kwamba mwenye nyumba akinywa, kibuyu kimepokelewa, na nyumba ile haikuwa na mwenyewe mwingine aliyemzidi Kahongya. Syauswa alimtazama mama yake, akamtazama Malachie aliyekuwa bado ameinama, mikono juu ya kibuyu, hajui aachie au abebe. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyeshindwa nyumbani kwake na hajachukia.

"Uachie hiyo kibuyu, bwana," akasema. "Si unasikia? Iko yetu. Mzee Ananie, tulikuwa tunasema mbuzi ngapi?"

"Hatukuwa tumesema," Ananie akajibu, akakaa sawasawa juu ya kiti, na kuanzia hapo akapigania kila mbuzi kana kwamba anatolewa zizini kwake. Pazia likafunguka, Jemima akaingia na maji ya kunawa, macho mekundu, anacheka. Alipofika kwa Malachie alimwagia maji mengi kuliko inavyotakiwa, mpaka kwenye vile viatu. Ukaja bugali, ikaja sombe ya majani ya muhogo, wakaja samaki, yakaja maharagi, na kasiksi ikaanza kuzunguka, kikombe kimoja kutoka mkono hadi mkono, wakwe na wageni bila kubagua, kama inavyotakiwa watu wakishakuwa ndugu.

Binamu mmoja wa Jemima ndiye aliyekuwa anagawa. Alimpa shangazi wa mkoba, akampa Ananie, akampa mama Godelive, akafika mbele ya Lusenge na Malachie waliokaa pamoja, akasimama. Hakujua afanye nini. Kumruka mtu kwenye kikombe cha ukoo ni kumwambia hayumo. Kumpa, amesikia mwenyewe yaliyosemwa. Akabaki na kikombe hewani, mazungumzo yakapungua, na Lusenge akaanza kujivuta nyuma kwenye benchi, kama aliyezoea kuondoka kabla hajafukuzwa.

"Weye mwenye kikombe!" mukaka Kahongya akaita kutoka kona yake, akiwaonyesha kwa kidole, kwanza Lusenge, halafu Malachie. "Hawa babili, uwaruke. Na musikie bote, nisirudie. Leo muwaruke. Siku ya harusi, muwaruke. Siku watoto babatizwa, muwaruke. Na siku ya kunizika miye, mutakunywa mingi, nabajua, na hawa batoto bangu babili mutawaruka."

"Ndiyo, mukaka," watu wakaitikia.

Kikombe kikapita. Mazungumzo yakarudi, Ananie akarudi kwenye mbuzi wake. Lusenge alikaa muda mrefu na tonge mkononi bila kulitia mdomoni. Kisha akamwinamia Malachie, akamuuliza kwa sauti ya chini, karibu sikioni:

"Alisema batoto bake babili?"

"Babili."

"Weye, na nani?"

"Na weye, bana. Alikuonyesha weye wa kwanza."